Uvuvi katika Ziwa Kariba

Uvuvi katika Ziwa Kariba ni shughuli ya kuvua samaki wa maji baridi katika bwawa kubwa la mto Zambezi, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe. Neno "maji baridi" hapa lina maana ya maji yasiyo na chumvi, wala halihusu joto lake, kwa kuwa maji ya juu ya Kariba hukaribia sentigredi 30 katika miezi ya joto. Samaki anayevuliwa kwa wingi kuliko wote ni kapenta, dagaa aliyeletwa kutoka Ziwa Tanganyika. Namna ya kumvua, pamoja na namna ya kuvua samaki wengine wa ziwa hilo, hubadilika kufuatana na majira, na mabadiliko hayo huonekana wazi zaidi mwishoni mwa majira ya joto, yaani kuanzia Februari hadi Aprili.

Msomaji wa Kiswahili asichanganye majira hayo na kiangazi. Katika bonde la Zambezi joto kali huanza Septemba na kufikia kilele Oktoba, kisha mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Machi. Kwa hiyo mwisho wa majira ya joto ni pia mwisho wa mvua: mito midogo imejaa, hewa ina unyevunyevu, na maji ya ziwa yamekwisha kupata joto kwa muda wa nusu mwaka.

Bwawa na samaki wake

Ukuta wa Kariba ni wa zege, una umbo la upinde na kimo cha mita 128. Ulijengwa kuanzia 1955 hadi 1959 kwa ajili ya umeme. Mto ulizibwa Desemba 1958, na bwawa likajaa kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Likijaa lina urefu wa zaidi ya kilomita 220 na eneo la kilomita za mraba takriban 5,500. Kina chake cha wastani ni mita 29, na mahali penye kina kirefu zaidi hufika mita 97. Wataalamu huligawa katika mabonde matano, kuanzia juu kuelekea ukutani: Mlibizi, Binga, Sengwa, Bumi na Sanyati.

Watu wapatao 57,000, wengi wao Watonga wa Bonde la Gwembe, walihamishwa kutoka kingo zote mbili za mto ili kupisha maji. Walipoteza mashamba ya kando ya mto, ambayo yalilimwa mara mbili kwa mwaka kwa sababu ya rutuba na unyevu ulioachwa na mafuriko. Uvuvi ulitajwa kuwa sehemu ya fidia yao. Upande wa kaskazini, serikali ya kikoloni iliwatengea haki ya kuvua katika miaka ya mwanzo, na kufikia 1963 walikuwako huko wavuvi zaidi ya 2,000. Neema hiyo haikudumu. Bwawa jipya hutoa samaki wengi kwa miaka michache tu, wakati majani, miti na udongo uliofunikwa vinaoza na kurutubisha maji. Rutuba hiyo ikiisha, samaki hupungua. Ndivyo ilivyotokea Kariba, na Watonga wengi waliacha nyavu wakarudi kwenye kilimo na mifugo.

Katika miaka hiyohiyo gugumaji liitwalo Salvinia molesta lilitanda juu ya maji hadi kufunika takriban sehemu moja ya tano ya ziwa mnamo 1962, kisha likapungua lenyewe rutuba ilipopungua. Maeneo fulani ya msitu yalikuwa yamefyekwa na kuchomwa kabla ya mafuriko ili nyavu zisinase. Kwingineko miti iliachwa, na vigogo vyake vikavu vingali vimesimama majini hadi leo. Ni maficho mazuri ya samaki, lakini hurarua nyavu na ni hatari kwa mashua.

Samaki wa asili walikuwa samaki wa mto. Walizoea kingo, mchanga na majani, hivyo walikaa katika ukanda mwembamba wa maji yenye kina kifupi kandokando ya ziwa. Kati ya hao wamo perege wa Kariba (Oreochromis mortimeri), perege mwekundu wa kifuani (Coptodon rendalli), kambare, vundu ambaye ni jamaa mkubwa wa kambare (Heterobranchus longifilis), na Hydrocynus vittatus, samaki mkali mwenye meno yaliyochongoka na mistari myeusi mwilini, ambaye jamaa zake wa Ziwa Tanganyika huitwa kibebe. Maji mapana ya katikati, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya ziwa, yalikuwa na planktoni lakini hayakuwa na samaki wa kuila.

Kuja kwa kapenta

Pengo hilo lilizibwa mwaka 1967 na 1968, wakati idara ya uvuvi ya Zambia ilipopandikiza ziwani samaki wadogo wa spishi Limnothrissa miodon kutoka Ziwa Tanganyika. Huko kwao samaki huyu huvuliwa pamoja na Stolothrissa tanganicae, na wote wawili huuzwa kwa jina moja la dagaa. Dagaa wa Kigoma wanaojulikana kote Tanzania ni hao. Spishi hiyohiyo ilikuwa imepelekwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, ambako leo huitwa sambaza upande wa Kongo na isambaza nchini Rwanda. Katika Kariba alienea ziwa zima kwa muda wa miaka michache tu. Baadaye alipita katika ukuta pamoja na maji na kufika bwawa la Cahora Bassa nchini Msumbiji, bila mtu yeyote kumpeleka.

Kapenta wa Kariba ni mdogo kuliko ndugu zake wa Tanganyika. Tanganyika anaweza kuzidi sentimita 15, lakini Kariba wengi wanaovuliwa wana sentimita 4 hadi 6. Huishi takriban mwaka mmoja, huzaa mapema na kwa wingi. Maisha mafupi namna hii yana maana kubwa kwa mvuvi: samaki wa mwaka huu ni watoto wa mwaka uliopita, na hakuna akiba ya samaki wazee majini. Mwaka wenye mvua haba na rutuba kidogo huonekana kwenye nyavu bila kuchelewa.

Uvuvi wa kibiashara ulianza upande wa Zimbabwe mwaka 1976 na upande wa Zambia mnamo 1980, baada ya vita vya ukombozi kutulia. Karibu na 1990 mavuno ya ziwa zima yalizidi tani 20,000 kwa mwaka. Tangu hapo mwelekeo umekuwa wa kushuka.

Hali ya maji mwishoni mwa majira ya joto

Jambo linaloongoza uvuvi wa majira haya ni kugawanyika kwa maji katika tabaka. Jua hupasha joto maji ya juu. Maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi: mita moja ya ujazo ya maji yenye nyuzi 29 ina uzito pungufu wa karibu kilo 2 kuliko maji yenye nyuzi 22. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho ya mwanafunzi anayeisoma ubaoni, lakini inatosha kuyafanya maji ya juu yaelee juu ya yale ya chini kwa miezi mingi bila kuchanganyika. Kati ya tabaka hizo mbili kuna mahali ambapo joto hushuka ghafla, paitwapo termoklaini. Katika Kariba huwa kati ya mita 10 na 30 hivi, kutegemea bonde na mwezi, na huzidi kushuka kadiri majira yanavyosonga.

Tabaka la juu hupata oksijeni kutoka hewani na kwa mimea midogo inayoelea. Tabaka la chini halipati kitu. Huku nyuma mabaki ya viumbe huendelea kuzama na kuoza, na bakteria wanaoyaozesha hutumia oksijeni iliyobaki. Mwanzoni mwa majira ya joto akiba ya chini bado ipo. Ifikapo Machi sehemu kubwa ya kilindi imekwisha kuimaliza. Tena maji ya moto hayashiki oksijeni nyingi: kwa nyuzi 30 lita moja haiwezi kushika zaidi ya miligramu 7.5 hivi, wakati kwa nyuzi 20 hushika zaidi ya 9. Kwa hiyo samaki wana mpaka chini yao. Ziwa lenye kina cha mita 60 mahali fulani linaweza kuwa na mita 20 au 25 tu za juu zinazokalika, na chini ya hapo hakuna samaki wa kuvua. Mvuvi mgeni anayeshusha ndoana hadi sakafuni katikati ya ziwa mwezi Machi anavua mahali pasipo na uhai.

Hali hii huisha Juni na Julai. Maji ya juu hupoa, huwa mazito, huzama, na upepo huyachanganya hadi chini. Rutuba iliyofungiwa kilindini hupanda juu na planktoni hustawi.

Kabla ya hapo, rutuba ya majira ya joto huja kwa njia ya mito. Mito ya karibu kama Sanyati, Ume, Sengwa na Gwayi hufurika kati ya Desemba na Machi na kumwaga maji ya tope yenye virutubisho. Mafuriko makubwa ya Zambezi yenyewe huchelewa, kwa kuwa yanatoka mbali, Angola na magharibi mwa Zambia, na kupita kwanza kwenye nyanda za Barotse ambazo huyazuia kama sifongo. Hupita Maporomoko ya Viktoria yakiwa yamejaa mnamo Aprili. Ndiyo maana usawa wa ziwa huendelea kupanda hata mvua zikiwa zimekoma. Mabonde ya juu ya Mlibizi na Binga huhisi zaidi nguvu ya mto, na maji yake hukaa na tope kuliko ya Sanyati karibu na ukuta.

Uvuvi wa taa

Kapenta huvuliwa usiku. Mchana hukaa chini, karibu na mpaka wa oksijeni, akijificha na samaki walao wenzao. Jioni hupanda kufuata planktoni. Chombo cha kumvulia ni jukwaa la chuma linaloelea juu ya mapipa makubwa mawili marefu, lenye jenereta, winchi na boriti ya kuning'iniza wavu. Wavu ni wa duara, wenye matundu ya milimita 8 hivi, umefungwa kwenye pete ya chuma yenye kipenyo cha mita kadhaa. Kwa kawaida hubeba wavuvi wawili au watatu.

Hutoka ufukweni jua likikaribia kuzama, kiasi cha saa 11 jioni. Wakifika mahali penye kina cha kutosha hutia nanga, hushusha wavu na kuwasha taa, nyingine juu ya maji na nyingine ndani yake. Planktoni na kapenta hukusanyika kwenye mwanga. Baada ya muda winchi huuvuta wavu wima, na samaki walio juu yake hubebwa pamoja nao. Kazi hurudiwa mpaka alfajiri. Aliyewahi kuona wavuvi wa dagaa wa Kigoma na karabai zao ataelewa mara moja: ni ujuzi uleule, ila winchi imechukua nafasi ya mikono, na siku hizi balbu za umeme mdogo zimechukua nafasi ya taa nzito za zamani.

Mwezi ndio adui wa taa. Mbalamwezi inapong'aa ziwa zima lina mwanga, na taa ya mvuvi haina mvuto. Wavuvi wengi hupumzika kwa takriban wiki moja wakati wa mwezi mpevu, wakarekebisha nyavu na injini. Kazi kubwa hufanywa wakati wa giza. Mawingu ya mvua hufunika mwezi na kurefusha giza kwa siku chache, jambo linalowafaa wavuvi wa Februari na Machi.

Katika majira haya hujali mambo mawili zaidi. La kwanza ni kina cha wavu: kuushusha chini ya mpaka wa oksijeni ni kupoteza muda, kwa kuwa samaki wote wako juu yake. Wavuvi wazoefu hugundua mpaka huo kwa majaribio, na wenye vipimo vya mwangwi huuona kwenye kioo kama mstari ambao chini yake hakuna alama za samaki. La pili ni mahali. Maji yaliyo mbele ya midomo ya mito, pale tope linapotulia na maji kuanza kuwa maangavu, huwa na planktoni nyingi kuliko katikati ya ziwa. Lakini maji mafupi ya midomoni na kandokando ndiko kapenta anakozaa na kukulia, na kanuni za uvuvi huyakataza majukwaa kufanya kazi huko. Mvuto wa kukaribia mpaka huo usiku ni mkubwa, na doria ni chache.

Ugumu wa pekee wa majira haya uko nchi kavu. Kapenta huanikwa juani kwenye vichanja vya wavu. Wakati wa ukame hukauka upesi, lakini mwezi Februari mvua moja ya alasiri huweza kuharibu mavuno ya usiku mzima. Hivyo wengi huanza kumtia chumvi wakiwa bado majini. Aliyetiwa chumvi nyingi hukaa muda mrefu, ila soko humlipa bei ya chini.

Majarife na ndoana

Kandokando ya ziwa wavuvi wadogo hutumia mitumbwi na majarife, yaani nyavu zinazosimama majini na kunasa samaki kwenye matamvua. Hutegwa jioni na kuteguliwa asubuhi. Maji yanapopanda mwishoni mwa majira ya joto, hufunika majani yaliyoota ufukweni, na perege huingia humo kula na kulea watoto. Nyavu hutegwa kwenye ukingo wa majani hayo, katika mita 2 hadi 6 za maji. Joto nalo halisubiri: samaki aliyenaswa saa 2 usiku katika maji ya nyuzi 28 huwa ameanza kuharibika kabla ya mapambazuko, kwa hiyo anayetegua mapema hupata bei nzuri. Kupiga maji kwa rungu ili kuwakimbizia samaki wavuni, kunakoitwa kutumpula nchini Zambia, kumepigwa marufuku kwa sababu huwasumbua samaki wanaotaga na kukusanya wakubwa kwa wadogo.

Uvuvi wa ndoana huvuta wageni, na Hydrocynus ndiye wanayemtafuta. Rekodi ya dunia ya spishi hiyo, samaki wa kilo 16.1, ilipatikana Kariba mwaka 2001. Samaki huyu hupanda mito kutaga mafuriko ya kwanza yanapofika, na kufikia Februari na Machi huwa anarudi ziwani. Hukaa kwenye mstari unaotenganisha maji ya tope na maji maangavu, akiwavizia kapenta. Chambo hukokotwa polepole nyuma ya mashua sambamba na mstari huo, au kipande cha samaki huachwa kielee na mkondo. Waya mfupi wa chuma hufungwa kati ya mshipi na ndoana, kwani meno yake hukata nailoni mara moja. Taya zake ni za mfupa mtupu, na ndoana isipokuwa kali haiingii.

Vundu huvuliwa chini, lakini si kilindini: hutafutwa kwenye miteremko ya kando ambako bado kuna oksijeni. Chambo mashuhuri cha kumvulia huko Kariba ni kipande cha sabuni ya kufulia. Jambo hili huwachekesha wageni mpaka waone kamba ikivutika. Samaki wa jamii ya kambare hutafuta chakula kwa kunusa na kuonja, na sabuni hutengenezwa kwa mafuta.

Hatari kazini

Mawimbi ya Kariba si ya bwawa dogo. Dhoruba za alasiri za majira ya mvua huja kwa ghafla, na upepo unaovuma kwa urefu wa ziwa hupata nafasi ya kuinua mawimbi yanayoweza kupindua jukwaa. Wavuvi wamekufa maji kwa namna hiyo. Kuna pia mamba na viboko kandokando, hasa maji yanapofika kwenye majani, na wanaotegua majarife wakiwa wamesimama majini ndio wanaodhurika zaidi.

Idadi ya majukwaa na mustakabali wa mavuno

Zambia na Zimbabwe zilikubaliana kwamba ziwa liwe na majukwaa ya kapenta yasiyozidi 500, yaani 275 ya Zimbabwe na 225 ya Zambia, kwa kufuata sehemu ya ziwa iliyo upande wa kila nchi. Hesabu za baadaye zilionyesha kwamba idadi halisi ilizidi mara mbili ya hiyo. Kila jukwaa jipya hugawana samaki walewale, na mwenye jukwaa anayepata kidogo hulazimika kuvua usiku mwingi zaidi au kusogea kwenye maji mafupi. Ni vigumu kulaumu upande mmoja tu: leseni ni mapato kwa serikali, na jukwaa ni ajira katika eneo lenye ajira chache. Hata hivyo samaki anayeishi mwaka mmoja hatoi nafasi ya kusahihisha polepole.

Mvua nazo zimekuwa haba mara kwa mara. Maji ya kuzalisha umeme huhesabiwa kati ya mita 475.5 na 488.5 juu ya usawa wa bahari, na mwishoni mwa 2022 akiba hiyo ilishuka chini ya asilimia 5. Ukame wa 2024 ulirudisha hali kama hiyo. Ziwa linaposhuka, fukwe za kuzalia hukauka, na mito yenye maji machache huleta virutubisho vichache.

Badiliko jingine limetokea kandokando. Tangu miaka ya 1990 sato (Oreochromis niloticus) hufugwa katika vizimba, na waliotoroka kutoka mashambani na vizimbani wameenea na kuchukua nafasi ya perege wa Kariba, ambaye sasa ni adimu katika ziwa lenye jina lake. Kamba wa maji baridi kutoka Australia, Cherax quadricarinatus, naye ametoroka kwenye ufugaji upande wa Zambia na kuenea. Hula samaki walionaswa kwenye majarife, na mvuvi anayechelewa kutegua hukuta vichwa na miiba.